Jina la Dawa na Haki ya Mnunuzi

Mwaka 1996 kampuni moja ya India iliyokwenda kwa jina la Cadila ilianza kuuza dawa ya malaria kali iliyoiita Falcigo, na haukupita muda mrefu kampuni nyingine, nayo ikijiita Cadila kwa kuwa zote mbili zilitoka katika nyumba moja ya biashara kisha zikagawana, ikatoa dawa yake ya maradhi yayo hayo na kuiita Falcitab. Daawa iliyofuata ilianzia Vadodara, ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Gujarat, na mwaka 2001 rufani yake ikatolewa hukumu na Mahakama ya Juu. Na kwa maoni yangu ni adimu hukumu ya alama za biashara nchini humo iliyomkumbuka mnunuzi kwa insafu kama hiyo.

Mdaiwa alikuwa na hoja mbili zisizodharaulika: kwanza, kwamba majina yote mawili yametokana na falciparum, jina la kijidudu kiletacho malaria hiyo, na jina la kijidudu haliwezi kuwa milki ya mtu, pili, kwamba dawa hizo haziuzwi kwa mpita njia, bali hupelekwa mahospitalini, mikononi mwa matabibu ambao elimu yao haiwaruhusu kuzichanganya. Mahakama za chini ziliridhika. Mahakama ya Juu haikuridhika, ikasema kwamba tabibu na muuza dawa ni wanadamu nao hukosea, hasa kazi inapowaelemea. Kwamba majina ya dawa yanataka uangalifu mkali kuliko majina ya bidhaa nyinginezo, kwa sababu ya madhara yawezayo kumfika mgonjwa. Na kwamba India, nchi ya lugha nyingi ambamo wajuao Kiingereza ni wachache na wasiojua kusoma si haba, haiwezi kupima kufanana kwa majina kwa mizani ya Uingereza.

Fikra hiyo haikuzuka ghafula. Tangu mwaka 1962 mahakama hiyo hiyo, ilipoamua kesi ya Amritdhara na Lakshmandhara, dawa mbili za maradhi madogo madogo zinunuliwazo na watu wa mjini na wa shamba, ilikwisha kusema kwamba mwamuzi wa kufanana si mtaalamu alinganishaye silabi kwa silabi mezani pake, bali ni mnunuzi wa kawaida, mwenye haraka zake na kumbukumbu isiyo kamili. Walakini, kwa kuwa mwenye Amritdhara alijua habari za mwenzake akanyamaza miaka mingi, Lakshmandhara iliachiwa kuandikishwa, ila kwa soko la Uttar Pradesh peke yake: hukumu ya kiungwana baina ya matajiri wawili, ingawa sioni mnunuzi wa Uttar Pradesh alikosa nini hata asikingwe kama wa mikoa mingine.

Na hapo ndipo kasoro ilipo. Sheria husema yamlinda mnunuzi, ilhali mnunuzi hana kiti mahakamani, na walio na viti hawana haraka. Mwaka 2009, katika shauri la wauza mchele, Mahakama ya Juu yenyewe ililalamika kwamba daawa za alama za biashara, za hakimiliki na za hataza hupiganiwa zaidi katika zuio la muda, vita vikaendelea miaka nenda miaka rudi pasipo hukumu ya mwisho, ikaagiza kwamba kwa kawaida zikatwe katika miezi minne. Hata Falcigo na Falcitab hazikuamuliwa siku ile ya mwaka 2001; shauri lilirudishwa Vadodara likasikilizwe kwa kanuni mpya.

Hukumu hiyo ya 2001, hata hivyo, iliacha wasia ambao wengi hawautaji: iliwataka wakuu wa dawa wafikirie kumtaka kila aombaye ruhusa ya kutengeneza dawa yenye jina la biashara alete kwanza taarifa rasmi ya upekuzi kutoka ofisi ya alama. Serikali ilikawia miaka 18. Kanuni ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2019, ilimtaka muuzaji atoe ahadi kwa maandishi kwamba amepekua, na kwamba jina lake halitaleta mkanganyiko sokoni. Yaani mwenye kunufaika na jina ndiye ashuhudiaye kwamba jina halina ila! Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao maduka yetu ya dawa yamejaa dawa kutoka India, hatuwezi kulitazama jambo hili kama la majirani.

Ninaloliomba ni kwamba mamlaka ya dawa iyapekue majina hayo kwa mikono yake kabla ya kutoa leseni, na kabla ya kuyakubali iyasomeshe kwa sauti kwa watu wasiojua Kiingereza.