Wauguzi wafunzwe dawa za akili kwa kina

Tangu huduma nyingi za afya zilipokabidhiwa serikali za kaunti mwaka wa 2013, matumaini ya wengi yamekuwa kwamba mgonjwa wa akili atatibiwa karibu na kwao, bila kulazimika kusafirishwa hadi Mathari, Nairobi. Mnamo 2020, jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Miaka miwili baadaye Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho, na haki za mgonjwa zikaandikwa humo waziwazi.

Hayo yote ni mema. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha. Mgonjwa huyo akifika katika zahanati ya kijijini, ni nani atakayempokea, na mtu huyo anajua nini kuhusu dawa atakazompa?

Atakayempokea ni muuguzi. Madaktari wa akili humu nchini ni wachache mno, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Muuguzi wa zahanati naye, aghalabu, alipitia wodi ya akili kwa majuma machache tu alipokuwa mwanafunzi. Alichokiona katika majuma hayo ndicho akiba yake ya miaka yote ya kazi.

Mimi ni muuguzi, nami nilipitia njia hiyo. Darasani tulikariri majina na vipimo: klopromazini, haloperidoli, flufenazini, lithiamu. Katika wodi tuliyopelekwa kwa mafunzo ya vitendo, tulikabidhiwa sinia la dawa na kitabu cha kutia saini. Wagonjwa walipanga foleni, wakameza, wakafungua vinywa ili tuhakikishe kwamba hakuna aliyeficha kidonge chini ya ulimi, kisha wakaenda zao. Aliyeuliza dawa ile ni ya nini aliamriwa ameze. Wauguzi wenyeji walikuwa wawili kwa wodi nzima. Wangepata wapi wakati wa kutufunza? Mtahini alipofika alituuliza vipimo. Hakutuuliza mgonjwa huhisi nini baada ya kumeza.

Hiyo ndiyo kasoro ninayotaka kuizungumzia, kwani dawa hizi hazifanani na zile za malaria, ambazo mtu humeza kwa siku chache akapona. Klopromazini, ambayo ilianza kutumiwa kutibu wendawazimu jijini Paris mwaka wa 1952, na haloperidoli, iliyobuniwa Ubelgiji mwaka wa 1958, zimewafungua wengi waliokuwa wakifungwa kamba. Hufanya kazi kwa kuzuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, na hapo sauti anazozisikia mgonjwa hupungua. Lakini kemikali hiyo hiyo husaidia kuongoza misuli. Ndiposa kijana aliyedungwa haloperidoli jana anaweza leo kupinda shingo, macho yakageuka juu na ulimi ukakaza. Jamaa zake watasema amepandwa na jini. Muuguzi anayejua atatambua kwamba ni dawa, naye ataomba adungwe sindano ya kuondoa mkazo huo, ambayo mara nyingi humlegeza kabla ya saa moja kwisha.

Kuna lililo gumu zaidi kutambua. Baadhi ya wagonjwa hushindwa kutulia: hawaketi, hawalali, miguu haikomi kutembea. Muuguzi asiyejua hudhani wazimu umezidi, na dawa ikaongezwa. Kumbe ni dawa hiyo hiyo inayomsumbua, na kuiongeza ni kumwagia moto mafuta. Lithiamu nayo ina hatari yake, kwa maana kipimo kinachotibu kiko karibu sana na kile kinachodhuru. Anayeitumia akiharisha na kutapika, maji yakampungua mwilini, dawa hulimbikizana katika damu. Hutetemeka na kuyumbayumba, na majirani wakamcheka wakidhani amelewa. Huyo anahitaji kupimwa damu upesi, la sivyo anaweza kufa.

Mambo haya yasipojulikana, mgonjwa huamua mwenyewe. Hutupa vidonge, hakwepi tena sauti zake, na baada ya miezi michache hurejeshwa hospitalini akiwa amefungwa. Sisi humwandika kuwa mkaidi. Sidhani ni ukaidi kukimbia kitu kinachokupinda shingo ilhali hakuna aliyekueleza kwamba kuna tiba yake.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba mgonjwa wa akili akielezwa madhara ya dawa ataikataa. Hoja hiyo haina nguvu. Madhara atayaona tu, aelezwe asielezwe. Aliyeonywa mapema hurudi kwa muuguzi kuuliza. Ambaye hakuonywa huenda kwa mganga. Isitoshe, sheria ya sasa inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu yake na kutoa idhini. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Huenda wasemavyo ni kweli kuhusu uji, lakini kuhusu dawa hizi lazima aulizwe, na aulizwe kila anapokuja.

Yafaa basi mambo matatu yatekelezwe. Kwanza, mwanafunzi asihesabiwe kuwa amehitimu katika wodi ya akili kwa kugawa vidonge pekee. Apewe wagonjwa wachache awafuate tangu siku ya kwanza hadi waruhusiwe kwenda nyumbani, na mtahini amuulize waliyomwambia. Pili, wodi zinazopokea wanafunzi ziongezewe wauguzi waliobobea katika afya ya akili, ambao kazi yao itakuwa ni kufunza. Tatu, kaunti zihakikishe kwamba palipo na haloperidoli pana pia dawa ya kuondoa mkazo wake. Kumfunza muuguzi kutambua mateso asiyo na uwezo wa kuyaondoa ni kumtwika mzigo bure.

Tukijenga vyumba vipya na kuvipaka rangi bila kuyatenda haya, tutakuwa tumeileta Mathari vijijini pasipo kuleta elimu inayohitajika. Muuguzi atagawa, mgonjwa atatupa, na kamba itarejea.