Mama mjamzito asiagiziwe dawa ya kutapika kwa siri



Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi mimba haitajwi mpaka itimize miezi mitatu, kwa kuchelea husuda. Kwa majirani sina neno. Ugomvi wangu ni pale siri hiyo inapofika mpaka kwenye dirisha la duka la dawa. Mama anatapika tangu alfajiri, anampa mtoto noti akanunue "dawa ya kutapika", na muuzaji hajui kama mgonjwa ni babu, ni mtoto au ni mjamzito wa wiki ya saba. Anatoa alichozoea kutoa. Na miezi hiyo mitatu tunayoificha ndiyo hasa ambayo moyo, mikono na miguu ya mtoto inaumbika.

Dunia imeshalipa gharama ya jambo hili. Dawa iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, bila cheti cha daktari, ikisifiwa kuwa ni salama. Wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walizaliwa na kasoro, wengi mikono na miguu ikiwa mifupi mno au haipo kabisa, na wengi wao walikufa wachanga. Iliondolewa huko Ujerumani mwezi Novemba 1961.

Hata hivyo, wapo wanaokimbilia upande wa pili: dawa zote ni sumu, mama avumilie tu. Hili nalo silikubali. Marekani kulikuwa na dawa ya wajawazito yenye vitamini B6 na doksilamini. Mtengenezaji aliiondoa sokoni mwaka 1983 kwa kuandamwa na kesi, ingawa tafiti hazikuonyesha kuwa inalemaza watoto. Mwaka 2013 mchanganyiko huohuo uliidhinishwa tena kwa kazi ileile. Kwa hiyo dawa zilizochunguzwa zipo. Vitamini B6 peke yake, miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku, huwasaidia akina mama wengi, na si kitu cha kigeni: ndiyo hiyo wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu pamoja na dawa zao. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tutafute tiba. Kumwacha mama akauke maji mwilini si subira.

Ipo dawa nyingine ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil. Hospitali tunaitumia, na kwa mjamzito inaweza kufaa akiandikiwa, kwa siku chache. Lakini baadhi ya watu, hasa wasichana na wanawake vijana, ikiwakataa shingo hukakamaa, taya hukaza na macho hugeuka juu. Nyumbani watu husema kapandisha jini, wakaanza kumsomea. Msomeeni, ndiyo, lakini mkiwa njiani kwenda zahanati, maana sindano sahihi humrejesha katika hali yake kwa muda mfupi.

Kuhusu maneno kwamba mke anadeka, au hamtaki tena mumewe: mwezi Desemba 2023 watafiti walionyesha kuwa homoni iitwayo GDF15, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mimba yenyewe, ni chanzo kikubwa cha kichefuchefu hiki. Ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya kushika mimba huumwa zaidi. Sisi Waislamu hatukupaswa kusubiri maabara, kwani udhaifu wa mama mwenye mimba umetajwa katika Surat Luqman, aya ya 14. Basi baba, harufu ya vitunguu ikimsumbua, ingia jikoni wewe.

Mama ale kidogo kidogo, kitu kikavu kabla hajanyanyuka kitandani, na chai ya tangawizi isiyo kali. Udongo wa kula auache, huenda una mayai ya minyoo au madini ya risasi. Akitapika asukutue kwa maji kwanza, mswaki usubiri kama nusu saa, kwani asidi ya tumboni hulainisha meno. (Kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i kutapika hakutengui udhu, ila matapishi ni najisi, yaoshwe mwilini na kwenye nguo.) Vidonge vya madini ya chuma vikimchefua asivitupe kimyakimya, amweleze mkunga. Na akiwa na homa asifikirie mimba pekee, apimwe malaria.

Dawa ikihitajika, aende mtu mzima, aseme wazi kwa sauti ndogo: ni mjamzito, mimba ina wiki kadhaa. Muuzaji akisitasita, hiyo ni alama ya uaminifu, nendeni kliniki.

Yako mambo ya kutosubiri asubuhi: kushindwa kubakisha hata maji tumboni kwa siku nzima, mkojo kuwa wa kahawia au kukosekana kwa saa nane, kuzimia, kutapika damu, maumivu makali ya tumbo, au kutokwa damu ukeni. Kutapika kupita kiasi huweza pia kuwa dalili ya mimba zabibu, nayo huonekana kwa kipimo cha altrasaundi. Mnapompeleka chukueni pakiti za dawa zote alizokunywa, na mtaje na mitishamba aliyopewa na bibi.