Nauza Kechi Keni, Lakini Sio Kila Gari ya Tabo Inaihitaji

Wauzaji wenzangu, leo nasema kitu ambacho kinanipunguzia mauzo. Acha niseme tu.

Nauza vifaa vya magari mtandaoni. Kechi keni, lile kopo la kudakia oili, lilikuwa linatoka sana. Mtu akiuliza, "Nina Subaru ya tabo, nalihitaji?" namjibu "muhimu sana bosi", natuma namba ya malipo. Siulizi kitu.

Mpaka kaka mmoja mwenye Forester ya zamani akanipigia. Kopo linajaa kila wiki na moshi uko palepale. Fundi kapima kompresheni, kumbe ringi za pistoni zimekwisha. Akaniambia, "Dogo, mimi nilijua nimeshatengeneza gari." Nilimrudishia hela yake. Kilichoniuma ni kwamba muda wote huo aliendelea kuendesha na injini inazidi kuisha, kwa sababu ya neno langu.

Ndipo nikaanza kujifunza ninachouza.

Injini yoyote, hata nzima, kuna gesi kidogo inapenya kwenye ringi na kushuka kwenye oili. Isipotoka, presha inasukuma sili na oili inavuja. Kwa hiyo kiwandani wameweka njia ya kuirudisha kwenye hewa inayoingia ili iungue. Shida ni kwamba inabeba matone ya oili. Ukiongeza upepo wa tabo, gesi inayopenya inaongezeka. Kechi keni inafungwa katikati ya njia hiyo, inadaka oili.

Sasa kabla sijauza nauliza maswali matatu.

1. Injini gani? Subaru nyingi za EJ20 petroli inapulizwa kabla ya valvu, kwa hiyo inaziosha. Gari kama hiyo ikiwa nzima na ni ya kwenda kazini na kurudi, namwambia mteja ukweli: ya kiwandani inakutosha. Forester XT yenye FA20 ya tabo, au Golf GTI nyingi, petroli inaingia moja kwa moja kwenye silinda. Valvu za hewa hazioshwi, oili inagandia pale inakuwa masizi. Hapo kopo zuri linasaidia kupunguza. Haliondoi masizi yaliyokwishaganda, na halizuii yote.

2. Umeongeza upepo, au unakimbiza kwenye mashindano? Kama ndiyo, nunua.

3. Inakula oili au inatoa moshi? Kama ndiyo, nenda kwa fundi kwanza. Mimi nipo, utanikuta.

Najua kuna atakayesema, "Mteja kataka mwenyewe, we uza, kopo halina madhara." Madhara yapo. Kopo lisipomwagwa likajaa, oili inarudi kulekule kwenye injini. Yale ya bei ya chini ambayo ndani hayana chujio wala vizuizi, oili inapita tu. Na mpira laini ukijikunja, injini inakosa pa kupumulia, sili zinaanza kuvuja. Mteja hatasema fundi kakosea. Atasema dukani kwako ndiko alikonunua.

Kiukweli, makopo sasa yanatoka machache kuliko zamani. Sio kila niliyemwambia "huhitaji" alirudi kununua kitu kingine. Wengine walienda kununua kwa mwingine, na inauma ukiwa na kodi ya kulipa. Lakini wanaonunua, nawatumia na maelezo ya kulikagua na kulimwaga, na sijarudishiwa hela ya mtu kwa kosa lile tena.

Hata kama wewe unauza mafuta ya uso au chaja za simu, jaribu hili wiki hii: kwenye bidhaa yako inayotoka sana, andika ni nani asiyeihitaji. Ukishindwa kuandika, basi bado hujaijua bidhaa yako. Mimi nilishindwa, na nilikuwa nimeshaiuza miezi.