Acheni Kulitukuza Shubaka

Kila nikitafuta habari za nyumba za Kijapani nakutana na picha ileile: chumba kitupu cha mikeka, shubaka la ukutani liitwalo tokonoma, na ndani yake, eti, Wimbi Kubwa la Hokusai. Halafu maelezo: utulivu, unyenyekevu. Jamani, unyenyekevu gani?

Tokonoma ni mahali pa cheo. Sakafu yake huinuliwa kidogo, nguzo yake huchaguliwa kwa makini, na mtu hakanyagi humo. Hutundikwa gombo la mchoro au maandishi ya brashi, pengine na chombo cha maua chini yake. Mgeni mkuu huketishwa karibu nalo, akilipa mgongo. Yaani picha iko pale kumpamba aliyeketi, na wengine wajue wameketi mbali kiasi gani. Tanizaki Jun'ichirō alilisifu giza la shubaka hilo katika insha yake ya 1933, na alilisifu vizuri. Shida ni sisi tulioshika giza tukasahau nani aliketi wapi.

Picha za kuchapwa kwa vibao vya mbao zilikuwa na maisha mengine. Zilikuwa bidhaa ya madukani Edo, kwa bei ya kama bakuli moja au mawili ya tambi: waigizaji wa kabuki, wanamieleka, warembo. Wimbi lenyewe, la mnamo 1831, ni karatasi ya sentimita 26 kwa 38 hivi. Ni kitu cha kushika mkononi, bwana.

Na asiye na shubaka je? Hapo ndipo napapenda mimi. Wachapishaji walimtengenezea hashira-e, picha za nguzoni, zenye urefu wa sentimita 70 hivi na upana wa 12 au 13 tu. Isoda Koryūsai alizichora nyingi. Nafasi ni finyu hadi ukingo unamkata msichana nusu ya mwili, na bado unamwona mzima. Zilitundikwa au kubandikwa kwenye nguzo za nyumba, zikala moshi, zikachanika, zikatupwa. Zilizobaki mara nyingi zina madoa, na wakusanyaji hulalamikia madoa hayo, kana kwamba nyumba ya watu ilikuwa makumbusho.

Wimbi langu, nakala ya bei ya chini, nimelibandika kwa gundi mlangoni mwa jikoni. Limeshaanza kushika mafuta.