Anga Pana, Njia Finyu: Nani wa Kulaumiwa Ndege Zinapochelewa Ulaya?

Kila ufikapo msimu wa joto barani Ulaya, manung'uniko ya wasafiri huzidi. Abiria wameketi, mlango umefungwa, juu hakuna hata wingu, kisha rubani anatangaza kuwa ndege haina budi kusubiri kwa sababu anga limejaa. Wengi huliona neno hilo kuwa ni kisingizio tu. Anga litajaaje? Swali hilo linawagusa pia ndugu zetu wanaounganisha safari zao Amsterdam, Frankfurt au Zurich, na linastahili kujibiwa kwa insafu.

Kwa hakika anga halijai ndege, bali hujaa kazi. Anga la Ulaya limegawanywa vipande vingi, na kila kipande kina waongoza ndege wake wanaokitazama kwa rada. Katika njia za juu, kwa kawaida ndege mbili hutakiwa ziachane maili 5 za baharini kwa upande, au futi 1,000 kwa kimo. Anayelinda masafa hayo ni mwanadamu, na akili ya mwanadamu ina kikomo. Kwa hiyo kila kipande huwekewa idadi ya ndege kinazoweza kuzipokea kwa saa. Idadi hiyo ikielekea kuzidi, shirika la Eurocontrol lililoko Brussels huziagiza baadhi ya ndege zisubiri ardhini na kuzipangia wakati wa kuruka. Tarehe 28 Juni 2019 mfumo huo ulihudumia safari 37,228 kwa siku moja tu.

Kipimo hicho kinapopuuzwa, matokeo yake yanajulikana. Usiku wa Julai 1, 2002, juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani, ndege ya abiria ya Urusi iligongana na ndege ya mizigo. Watu wote 71 walifariki, wengi wao wakiwa watoto wa shule kutoka Bashkortostan, jamhuri ya Urusi yenye Waislamu wengi, waliokuwa wakienda Hispania kwa mapumziko. Anga hilo lilikuwa likiongozwa kutoka Zurich. Huko alikuwapo kazini mtu mmoja tu, akizihudumia sehemu mbili peke yake, kwani mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika. Ilikuwa ni mazoea ya usiku ambayo wakubwa waliyajua na kuyanyamazia. Mitambo ilikuwa katika matengenezo, na simu kuu zilikuwa zimezimwa. Alipoitambua hatari, ilibaki chini ya dakika moja. Akaiamuru ndege ya abiria ishuke, ilhali chombo cha tahadhari kilichokuwamo ndani yake kiliiambia ipande. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani mameneja wanne wa shirika lililohusika.

Tunaikumbusha misiba hiyo ili msomaji apambanue baina ya mambo mawili. Kupunguza idadi ya ndege pale waongozaji wanapokuwa wachache ni kutekeleza amana, na dakika 40 za kusubiri chini ni bei ndogo mno. Lakini kuacha waongozaji wawe wachache mwaka baada ya mwaka ni jambo jingine. Mwongoza ndege hafunzwi kwa mwezi mmoja. Mafunzo yake huchukua miaka, na leseni yake hufungamana na kituo na vipande alivyovisomea, hivyo haiwezekani kumhamisha leo na kumpa kazi kamili kwingine kesho. Anayesitisha ajira leo ili kubana matumizi huwa anawaandalia foleni abiria wa miaka mitano ijayo.

Wala waongozaji wenyewe hawawezi kuachwa bila kuulizwa. Julai 2025 baadhi yao nchini Ufaransa waligoma kwa siku mbili, wakilalamikia uchache wa watumishi na mitambo iliyochakaa. Malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo, waligomea pia mpango wa kusajili mahudhurio kazini, na mpango huo ulikuwa na sababu yake. Desemba 31, 2022, mjini Bordeaux, ndege ya abiria iliyokuwa ikitua ilinusurika kugongana na ndege ndogo. Wachunguzi walikuta kuwa mnarani walikuwapo waongozaji watatu badala ya sita. Amana humbana mwajiri, na humbana mwajiriwa vilevile.

Sababu nyingine ni mipaka. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliipa kila dola mamlaka kamili juu ya anga lake, na Ulaya yenye nchi nyingi ndogo ikajikuta na anga la viraka. Dawa inajulikana. Tangu mwaka 1972 kituo kimoja cha Maastricht kimekuwa kikiongoza ndege za anga la juu kwa niaba ya nchi zaidi ya moja. Leo kinazihudumia Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg na kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Sheria za kuliunganisha anga zima la Umoja wa Ulaya zilipitishwa mwaka 2004. Marekebisho yake yalipendekezwa mwaka 2013, yakapitishwa mwaka 2024. Miaka 11 ilipotea, kwa kuwa kila serikali ilichelea kupunguziwa mamlaka.

Na juu ya hayo ikaja vita. Tangu Februari 2022 anga la Ukraine limefungwa kwa ndege za abiria, na Urusi na Umoja wa Ulaya zimefungiana njia. Safari zilizokuwa zikipita huko zikasukumwa katika njia zilizobaki, ambazo tayari zilikuwa na msongamano.

Wahenga walisema, kawia ufike. Abiria na aupokee ucheleweshaji wa siku moja kwa subira, maana huenda ndio uliomlinda. Lakini subira hiyo isigeuzwe kuwa kichaka cha kujifichia wenye dhamana. Ucheleweshaji unaorudi kila mwaka kwa sababu zile zile una wenyewe: ni wale walioacha kuajiri, na wale walioona heri kulinda mipaka ya angani kuliko kuwarahisishia njia watu wao.