SARE ZIPO, MAJAKETI JE?



Maandalizi ya safari yetu ya boti kwenda kwenye sherehe za wilaya yanaendelea vizuri. Sare zimegawiwa na michango inaingia. Ila lipo jambo halijatajwa na mtu yeyote: majaketi ya kujiokolea.

Desemba 18, 2022, meli ndogo ya kivita ya Thailand, HTMS Sukhothai, ilizama kwa dhoruba katika Ghuba ya Thailand. Ilikuwa na watu 105. Waliokolewa 76, wakafa 24, na 5 hawakuonekana tena. Meli ile ilikuwa safarini kwenda kumuenzi mwasisi wa jeshi lao la majini, na ilibeba watu 30 zaidi ya kawaida. Mkuu wa jeshi hilo alikiri kwamba majaketi ya hao 30 hayakuwemo.

Hao ni wanajeshi, wenye meli ya chuma, redio na nidhamu ya amri. Wameongeza watu, hawakuongeza vifaa. Jaketi halizuii dhoruba, lakini humpa aliye majini muda wa kufikiwa.

Sisi watu wa ziwani hatuna haja ya kufundishwa na Thailand. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka karibu na Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220.

Najua litasemwa: "Katibu, tumepanda mitumbwi tangu utotoni." Na wapo wanaotaka tuwe wengi ili tawi lionekane. Kwangu mimi, tawi la kujivunia ni lile linalorudi na watu wote liliotoka nao.

Maoni yangu ni haya. Orodha ya abiria ifungwe siku moja kabla. Kila jina liwe na jaketi lake, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Watakaozidi watafutiwe boti ya pili. Ikikosekana, tuanze kubaki sisi viongozi. Fedha ya kukodi majaketi itoke kwenye fungu la muziki.

Hoja naileta kwenye kikao cha Kamati ya Tawi. Mwenye pingamizi aje nalo pale. Lakini hesabu ya watu na ya majaketi zisipolingana, malipo ya boti sitayasaini.

Katibu wa Tawi