Kabla ya Kulipia Tangazo, Jiweke Kwenye Ramani

Mfanyabiashara mdogo wa Dar es Salaam akiulizia namna ya kujitangaza mtandaoni, mara nyingi hupewa ushauri mmoja: fungua ukurasa wa Instagram, tafuta wafuasi, lipia tangazo. Fundi friji wa Mbagala anautii. Picha zake zinapendwa na watu wa Mwanza na Arusha ambao hawatamletea friji hata siku moja, na fedha ikiisha tangazo nalo linazima. Wakati huohuo mkazi wa mtaa wa pili, friji imemfia na nyama inaanza kuharibika, anaandika kwenye simu "fundi friji Mbagala" na jina la fundi huyu halitokei. Kwa biashara inayoishi kwa wateja wa jirani, kazi ya kwanza mtandaoni ni kuonekana na mtu wa karibu ambaye tayari anahitaji huduma. Na kazi hiyo isiachiwe mfanyabiashara peke yake, kwa sababu halmashauri inayompa leseni na mkopo ina nafasi nzuri ya kumsaidia.

Tuangalie jinsi utafutaji huo unavyofanya kazi. Google inasema matokeo ya biashara za karibu hupangwa kwa mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali wake kutoka kwa anayetafuta, na umaarufu wake, ikiwemo idadi ya maoni ya wateja na nyota walizotoa. Inasema pia kwamba mtu hawezi kulipa ili apandishwe katika mpangilio huo; matangazo ya kulipia yapo, lakini huwekewa alama yake. Hapo mfanyabiashara mdogo ana nguvu ambayo mitandao ya kijamii haimpi. Kampuni yenye ofisi kubwa Posta inaweza kununua matangazo mwaka mzima, lakini haiwezi kununua ujirani na mkazi wa Mbagala. Umbali ni mtaji ambao fundi anao tayari, ila hauzai kitu kama mtandao haujui alipo.

Kuujulisha hakuna ada. Wasifu wa biashara wa Google, ulioitwa Google My Business hadi mwaka 2021, hufunguliwa kwa simu. Ugumu upo kwenye kuujaza vizuri. Mabango mengi ya mitaani yameandikwa jina la mwenye duka na neno "Enterprises", na asomaye hajui kama ndani kuna saruji au vitenge. Jina libaki lile la kwenye bango, lakini aina ya biashara ichaguliwe kwa uangalifu, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili anachoandika mteja: kujaza gesi ya friji, kubadilisha kompresa, kufuata friji nyumbani. Saa za kazi ziwe za kweli, maana aliyefuata saa za mtandaoni akakuta mlango umefungwa harudi. Mara nyingi uhakiki wa Google kwamba biashara ipo kweli hufanywa kwa video moja isiyokatwa: mtaa unaonekana, kisha bango, kisha mwenyewe akifungua fremu kwa ufunguo wake. Fundi anayefuata wateja majumbani anaruhusiwa kuficha anwani na kutaja maeneo anayohudumia. Kuhusu nyota, amwombe kila aliyeridhika aandike neno la kweli. Kununua maoni kumekatazwa.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana mwishoni mwa 2021, machinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Kilio kikubwa kilikuwa kimoja: huku hakuna wateja. Anayemhamisha mfanyabiashara anamtenganisha na watu waliozoea kumkuta, kwa hiyo ana wajibu wa kusaidia kuwarudisha. Nyenzo za kufanya hivyo zipo tayari. Mwaka 2022 Serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, mitaa ikapata majina na nyumba zikapata namba. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii anayekifundisha kikundi kutunza hesabu kabla ya mkopo anaweza kuongeza somo la kuweka biashara kwenye ramani. Hilo halihitaji bajeti mpya.

Wapo watakaosema kizuri chajiuza, na kwamba fundi hodari hutafutwa kwa sifa za mdomo. Ni kweli, lakini kizuri hujiuza kwa aliyekiona. Mpangaji aliyehamia jana hana jirani wa kumuuliza, na miji yetu inapokea wageni kila siku. Wengine wanaogopa kwamba kuonekana ni kumwita mtu wa kodi. Hofu hiyo inaeleweka, ila mwenye namba ya mlipakodi na leseni tayari yumo vitabuni, na fremu yenye bango barabarani haijafichika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tunaikabidhi biashara kwa kampuni ya kigeni. Lina ushahidi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote, na Machi 2024 Google ilizifunga tovuti za bure ilizokuwa imewapa wenye wasifu wa biashara. Jibu la haki ni kutumia njia hizi bila kuzitegemea zenyewe tu: mteja akishafika, namba yake iandikwe daftarini, na siku mtandao ukibadilika apigiwe simu. Kukaa nje ya ramani hakumwepushi mfanyabiashara na nguvu ya kampuni hizo. Kunamwachia mteja mshindani wake aliyejiandikisha.

Kwa hiyo mwenye elfu hamsini ya tangazo aishike kwanza. Ajaze wasifu, apige picha ya mbele ya fremu mchana, aombe maoni, kisha ndipo apime kama bado anahitaji kulipia. Nazo halmashauri, kila zinapotoa mkopo au kuwapangia wafanyabiashara eneo jipya, zihakikishe mteja anaweza kuwapata.